Uzoefu wangu na ld-disc-stacker: nakala tatu za diski ya leza, picha moja safi

Kama una diski moja tu ya leza na unatarajia programu hii, inayounganisha nakala kadhaa za diski kuwa picha moja, ikufutie madoa yake, usijisumbue. Naanza na hilo kwa sababu mafundi wenzangu hapa Ngara, Nairobi, huniuliza swali hilo kabla ya jingine lolote, na jibu lake ndilo linaloamua kama kazi hii italipa au itakula stima bure.

Riziki yangu ni kuhamisha kanda za harusi na mazishi kwenda dijitali. Diski za leza hunijia kwa nadra. Hizi zililetwa na mzee mmoja aliyewahi kuendesha baa Westlands: katoni ya karaoke kutoka Japani, na mashine yake juu. Diski moja ndiyo aliyoililia. Nyimbo kadhaa hazikuimbika tena, maana maneno ya chini ya skrini yalikuwa yamejaa vistari vyeupe na chembechembe za rangi. Bahati nzuri baa ilikuwa na vyumba viwili, kwa hiyo alikuwa na nakala mbili za diski hiyo hiyo. Ya tatu tuliiagiza Japani.

"Kijana," aliniambia, "picha ikiwa mbaya si neno. Mimi nataka maneno yasomeke."

Nikamjibu, "Sawa mzee, ila hayo maneno ndiyo sehemu ngumu."

Diski ya leza inafanana na CD iliyonenepa hadi sentimita 30, lakini picha yake si ya dijitali hata kidogo. Ni ishara ya analogi iliyoandikwa kwa FM (kasi ya mawimbi hubadilika kufuata picha) kwenye vishimo vidogo, juu ya tabaka jembamba la alumini lililo ndani ya plastiki, na pande mbili za diski zimegandishwa pamoja kwa gundi. Plastiki na gundi zikishindwa kuikinga, alumini inaanza kuliwa. Leza ikipita hapo ishara inakatika kwa kitambo kidogo mno, nawe unaona kistari. Mashine zenyewe hujaribu kuficha pengo kwa kuazima kipande cha mstari wa jirani. Kwenye picha ya bahari huwezi kugundua. Kwenye herufi ni balaa, kwa sababu mkono wa herufi unaweza kumezwa wote na kilichoazimwa.

Ndiyo maana nilitaka kuziba pengo kwa picha halisi kutoka nakala nyingine.

Vifaa vyenyewe vinatoka kwenye mradi wa kuokoa diski za BBC Domesday za mwaka 1986, diski za leza zilizohifadhi kumbukumbu za maisha ya Uingereza. Simon Inns alibuni kifaa kinachoitwa Domesday Duplicator, ambacho huchukua ishara ghafi inayotoka kwenye leza, kabla saketi za mashine hazijaigusa, na kuipima mara milioni 40 kwa sekunde. Halafu ld-decode, programu iliyoanzishwa na Chad Page, inaigeuza ishara hiyo kuwa picha na kuweka alama kila mahali ilipokatika. Programu zote ni huria, hulipi hata ndururu. Gharama iko kwenye kifaa, kwenye kufungua mashine na kuchomelea waya pale panapotoka ishara, na kwenye nafasi ya kuhifadhi. Kila sekunde ni takriban megabaiti 50. Upande mmoja wa nusu saa ni kama gigabaiti 90, na hapo hujaanza nakala ya pili. Mashine ya Japani nayo inakula volti 100 na ukuta wangu unatoa 240, kwa hiyo transfoma ya kushusha umeme ni lazima. UPS pia, ile betri ya akiba stima ikipotea, kwa yeyote anayeijua mitaa yetu.

Kabla ya kuunganisha, programu nyingine, ld-discmap, inapanga fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Diski yangu ilikuwa ya aina ya CAV, ambayo kila fremu imeandikiwa namba kwenye mistari isiyoonekana juu ya picha. Leza ikiruka ikarudia fremu, programu inaiondoa. Ikikosekana, inaacha nafasi yake. Hatua hii niliipenda kuliko zote. Bila namba hizo, kulinganisha nakala tatu fremu kwa fremu kungekuwa kazi ya mwendawazimu.

Sasa ld-disc-stacker yenyewe. Kwanza niliipa unasaji kadhaa wa diski moja, yaani diski ile ile iliyosomwa mara kadhaa, ili nione. Chenga zilipungua kweli, kwa sababu chenga za elektroniki hubadilika kila unaponasa: wastani wa unasaji 4 huzipunguza kwa nusu. Lakini vistari vyeupe vilibaki pale pale. Alumini iliyoliwa imeliwa, hata ukiisoma hadi kesho.

Nilipoweka nakala mbili tofauti, mambo yakabadilika. Palipokuwa na alama ya pengo kwenye nakala ya kwanza, programu ilichukua ya pili, na herufi zikarudi zikiwa nzima. Tatizo likabaki kwa madoa yasiyowekewa alama, yale ambayo ishara haikukatika bali imepotoka. Hapo nakala mbili ni kama mashahidi wawili wanaopingana: huna wa kuamua. Ya tatu ilipoingia, programu iliweza kuchukua thamani ya katikati ya hizo tatu, na chembe iliyo kwenye nakala moja ikakosa wa kuiunga mkono. Mistari ya maneno ikasafika. Palibaki sehemu chache ambapo nakala zote tatu zilikuwa zimeharibika mahali pamoja, nazo ikabidi ziazimwe kutoka jirani kama zamani. Sauti niliichukua kutoka nakala iliyokuwa safi zaidi, sikuichanganya.

Nisichokipenda? Sehemu kubwa ni kazi ya kuandika amri, si ya kubofya vitufe, na kompyuta ya kawaida inazungusha feni usiku kucha. Tena nakala lazima zitoke kwenye toleo moja. Diski yenye jalada sawa lakini iliyotengenezwa upya kutoka kanda nyingine haitalingana, kwa hiyo linganisha namba zilizochongwa karibu na tundu la katikati kabla ya kutuma pesa Japani.

Mzee alipokuja kutazama hakusema lolote kuhusu picha. Aliimba.

Kwa wenye kanda za VHS, ambao ndio wengi: ipo programu dada, vhs-decode, na inafanya kazi nzuri kwa kanda moja moja. Kuunganisha nakala kadhaa ndiko kugumu, kwa sababu kanda haina namba za fremu na utalazimika kuzipanga kwa mkono. Kwa harusi yenye nakala moja tu iliyobaki kabatini, mimi singemtoza mteja kwa hilo. Safisha kanda, safisha kichwa cha mashine, nasa mara moja vizuri.