Pinecil V2: chaja na ncha ndivyo vinavyoamua

Natumia Pinecil V2, kifaa cha mkononi cha USB-C cha kuyeyushia risasi (waya wa madini laini wa kuunganishia vifaa vya umeme), kuchomea matundu ya chaji ya simu, waya za spika na pini za IC (chipu) za redio. Nimeridhika nayo sana. Ila haiji na chaja, na wengi wanaolalamika kwamba haishiki moto wameichomeka kwenye chaja dhaifu.

Hesabu yake ni fupi. Ncha fupi inayokuja nayo ina ukinzani wa omu 6.2. Kwa chaja ya simu ya volti 9 unapata takriban wati 13. Kwa chaja ya laptopu ya USB-C inayotoa volti 20, unavuka 60. Ukiweka joto la nyuzi 330 za selsiasi, skrini itaandika 330 kwa zote mbili. Sasa gusa mguu mnene wa tundu la chaji, ule ulioshikana na shaba pana ya eathi. Kwa volti 9 namba inaporomoka ukiitazama, na risasi inabaki nzito kama uji uliopoa. Kwa volti 20 inayumba kidogo, inarudi. Kupandisha hadi 420 hakuzibi pengo hilo: flaksi (dawa inayosafisha shaba ili risasi ishike) inaungua kabla risasi haijatambaa, na njia za shaba zinabanduka kwenye bodi.

Ncha ya sindano niliiweka kando. Inagusa nukta moja tu, joto litapitia wapi? Kazi nyingi nafanya kwa D24, bapa kama patasi, upana milimita 2.4. Kwa pini zilizosongamana nachukua BC2, iliyokatwa mshazari, naiburuta taratibu na tone dogo la risasi juu ya flaksi ya kutosha. Pini mbili zikishikana usikwangue. Ongeza flaksi, futa ncha, gusa tena. Risasi iliyozidi itapanda kwenye ncha.

Risasi yangu ni 63/37, yaani bati asilimia 63 na madini ya risasi asilimia 37, unene milimita 0.6. Inayeyuka kwa nyuzi 183 na kuganda mara moja. 60/40 hupitia kwanza hali ya ulojolojo, na mkono ukitikisika hapo kiungo kinaharibika.

Kutoa tundu la zamani ndiko kunakoharibu bodi nyingi. Bodi za kisasa huchomwa kiwandani kwa bati lenye fedha na shaba kidogo, lisiloyeyuka mpaka nyuzi kama 217. Toa betri, paka flaksi, kisha ongeza 63/37 kwenye kila mguu ili zichanganyike. Mchanganyiko huo unalainika mapema zaidi. Ukinyonya mabaki kwa utepe wa shaba, inua utepe na ncha kwa pamoja. Ukitangulia kuinua ncha, utepe unagandia, na ukiuvuta unang'oka na njia.

Kuchomea upya: ncha iguse mguu na shaba ya bodi kwa wakati mmoja, risasi uilishe kutoka upande wa pili, sekunde 2 au 3, basi. Kiungo kizuri kina mteremko unaobonyea kuelekea shaba. Kikiwa duara kama tone la maji juu ya jani la mgomba, hakijashika.

Ncha ikiwa nyeusi, isafishe kwa nyuzi za shaba nyeupe. Msasa marufuku: unaondoa ganda la chuma, na shaba iliyo chini yake inaliwa na risasi. Kabla ya kuzima, iache na risasi mbichi juu.