Vitabu vya ufundi wa Misri ya kale: fundi wa Nairobi anunue kipi?

Vitabu vingi vya Misri ya kale vinavyopatikana Nairobi ni vya picha za dhahabu. Jaladani kuna barakoa ya Tutankhamun, na ndani unaambiwa ina uzito wa takriban kilo 10. Dhahabu hiyo ilifuliwaje, vipande viliunganishwaje, hakuna anayekwambia. Mtu anayechonga, anayefinyanga au anayefua mabati kule Kamukunji hana la kujifunza humo. Vitabu vya kazi vipo, ila huwa vya kuagiza, na ubora wake haulingani.

Cha kuanza nacho ni Experiments in Egyptian Archaeology cha Denys Stocks (Routledge, 2003). Swali lake ni moja: watu wasio na zana za chuma walikataje itale? Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, shaba nyekundu ni kama 3, ilhali kwatzi iliyomo ndani ya itale ni 7. Ukigonga itale kwa patasi ya shaba, ncha ndiyo itakayopinda. Stocks anaonyesha kwamba kinachokata ni mchanga. Bomba la shaba linafungwa kwenye mti wa keekee, uta unalizungusha huku na huku, na mchanga wenye kwatzi unamwagwa ndani ya mfereji unaochimbwa na bomba ili usage jiwe. Msumeno wa shaba usio na meno hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1999 alizijaribu zana zake Aswan, kwenye itale ya huko huko, na kitabu chote kimejaa vipimo vya muda uliotumika na shaba iliyolika.

Thamani yake iko hapo, kwamba kero za kazi hazifichwi. Wengi hudhani lazima maji yatiwe. Stocks aliona mchanga mkavu unatosha, na kwamba ndani ya tundu refu tope la mchanga ni taabu kulitoa. Tundu haliwi sawa juu hadi chini: mchanga unasaga pande zote mbili za bomba, na jiwe linalobaki katikati hutoka limechongoka. Nalo halitoki lenyewe. Unapenyeza patasi kwenye mfereji na kugonga mpaka likatike kwenye shina. Mwanaakiolojia Flinders Petrie aliziona alama za kazi kama hiyo Giza na kuziandika katika kitabu chake cha mwaka 1883, akadhani ni za vito vilivyopachikwa kwenye shaba. Anayekutana na video za mashine zilizopotea, zinazodai jeneza la itale la Farao Khufu lisingeweza kukatwa kwa mikono, apewe kitabu hiki.

Wachongaji wa mawe ya Kisii hawahitaji mbinu za itale, maana jiwe la Tabaka ni laini. Wasome sehemu ya vyombo vyenye mdomo mwembamba: bomba hutoboa kwanza, kisha jiwe lenye umbo la nambari 8, lililoshikwa na panda ya mti uliofungiwa mawe mazito juu, hupanua tumbo la chombo kutoka ndani. Lugha ya Stocks ni nzito na majedwali ni mengi. Na wazo lake kwamba unga uliotoka kwenye keekee ulitumika kutengenezea fayansi (kauri ya kwatzi inayong'aa) lichukuliwe kama pendekezo tu.

Ancient Egyptian Materials and Technology, kilichohaririwa na Paul Nicholson na Ian Shaw (Cambridge, 2000), ni kitabu kinene, cha kurasa zaidi ya 700. Kila malighafi ina mtaalamu wake. Kwa wafinyanzi, sura ya fayansi peke yake inatosha kukinunua. Mchanganyiko ni unga laini wa kwatzi, chokaa kidogo, magadi au majivu ya mimea, na shaba kwa rangi ya buluu. Natroni ya Wamisri na magadi ya Ziwa Magadi ni jamaa wa karibu, zote chumvi za sodiamu, kwa hiyo hapa kwetu malighafi haisumbui. Magadi ya sokoni lakini huwa na uchafu: jaribu ushanga mmoja kabla ya kujaza tanuri, na uvae glavu. Unyevu unapokauka hubeba chumvi hadi juu na kuacha utando mweupe, ambao kwenye nyuzi 800 hadi 1000 unayeyuka na kung'aa kama kioo. Ukiugusa kabla ya kuchoma, alama za vidole zitabaki bila mng'aro. Upande uliokalia ubao nao hubaki hivyo, kwa sababu haukupata hewa. Wala usitegemee kuuvuta mchanganyiko huu kama udongo, utapasuka. Kalibu ndiyo inayofaa.

Sura ya Delwen Samuel kuhusu mkate na pombe ni bora kuliko zote. Zamani wasomi walisema Wamisri walivunja mikate iliyookwa nusunusu ndani ya maji. Samuel alichunguza masalia ya pombe kwa hadubini ya elektroni, akakuta chembe za wanga zilizotobolewa na kimea na nyingine zilizovurugwa na joto. Kwa hiyo fungu moja lilipikwa, jingine la kimea likaachwa bichi, kisha yakachanganywa. Anayejua busaa, ambayo unga wake uliochachuka hukaangwa kabla ya kutiwa kimea cha wimbi, ataielewa sura hii kwa urahisi kuliko msomaji wa Ulaya. Nafaka zao tu ndizo tofauti: shayiri na ngano ya kale.

Kitabu hicho hakina habari za mafunjo ya Wadi al-Jarf, hati za kale zilizopatikana mwaka 2013 kwenye pwani ya Misri ya Bahari ya Shamu. Hayo yamo katika The Red Sea Scrolls cha Pierre Tallet na Mark Lehner (2021), pamoja na kumbukumbu za Merer, msimamizi wa kikosi cha kazi, na mabaharia wake waliosafirisha mawe ya chokaa kutoka Tura hadi Giza. Kinasomeka vizuri, lakini ni cha usafirishaji na utawala. Zana ni chache. Building in Egypt cha Dieter Arnold (1991) ni cha wajenzi: machimbo, sleji za kuburutia mawe, viungo vya mawe. Ancient Egyptian Materials and Industries cha Alfred Lucas kimezeeka, bado kinafaa kwa bei nafuu.

Unapoagiza, andika mwaka na toleo. Kwa Lucas, dai toleo la nne la 1962 lililorekebishwa na J. R. Harris. Petrie wa 1883 hauhitaji kumlipia, yuko bure mtandaoni. Ukikuta nakala yake iliyochapishwa upya, fungua kurasa za michoro kabla ya kutoa pesa: mara nyingi zile kubwa zimekatwa pembeni au hazimo kabisa.