Mbolea ya maji ya mwani kwenye mpunga wa Moshi

Mbolea ya maji ya mwani inasifiwa sana kwamba inatibu udongo. Kwa mpunga wa skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, yaani Mabogini, Chekereni, Rau na Oria, sifa hiyo imezidi uwezo wa chupa. Kinachouzwa ni kiamsha mmea, na kwa kazi hiyo ni bidhaa nzuri. Udongo una mahitaji mengine kabisa.

Piga hesabu. Chupa ya lita 1 yenye potasiamu asilimia 5 ina gramu 50 hivi za potasiamu. Tani moja ya mabua ya mpunga, yale yanayopakiwa kwenye gari kupelekwa kwa ng'ombe wa mlimani, inaondoka na kilo 12 hadi 17. Naitrojeni ya mwani nayo ni kidogo mno, kwa hiyo anayepunguza urea kwa sababu amenyunyiza mwani atauona mpunga wake ukibadilika kuwa njano.

Faida yake inatokana na vichocheo vya ukuaji, hasa saitokinini na oksini, ambavyo husaidia mizizi na machipukizi. Ndiyo maana muda wa kuitumia una uzito kuliko wingi wake. Tunashauri minyunyizo miwili: wa kwanza siku 15 hadi 20 baada ya kupandikiza, miche ikishashika na kuanza kuchipua, wa pili mpunga unapoanza kutunga mimba. Ukishachanua, acha. Maua ya mpunga hufunguka kuanzia kama saa tatu asubuhi hadi mchana, na kunyunyiza saa hizo kunaharibu uchavushaji, mwisho wake ni mapepe, yaani punje tupu.

Chupa nyingi zinaelekeza mililita 2 hadi 3 kwa lita ya maji. Kwa bomba la kunyunyizia la lita 20 weka mililita 50. Jaruba la mita 30 kwa 100 linataka lita 150 hivi za maji, yaani mililita 375 za mbolea, kwa hiyo lita 1 inatosha minyunyizo yote miwili na robo inabaki. Tikisa chupa kwanza, chuja kwa kitambaa safi, kwa sababu machicha yake huziba nozeli. Nyunyiza jioni jua likipoa.

Usiichanganye na mbolea ya maji yenye kalsiamu. Mwani wa kahawia una alginati, na alginati ikikutana na kalsiamu hugandamana. Utakuta ute kama wa bamia umeshika kwenye chujio la bomba. Ukitaka kuchanganya na kiuatilifu, jaribu kwanza kwenye kopo la lita 1 na usubiri nusu saa. Kikitokea chochote kinachoganda au kutuama chini, piga kila kimoja siku yake.

Sasa magadi, yaani sodiamu iliyozidi kwenye udongo, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapotea. Kwenye majaruba yenye magadi mpunga hukosa zinki, na wiki 2 hadi 4 baada ya kupandikiza majani hutoka madoa ya rangi ya kutu na mmea unadumaa. Mwani una zinki kidogo sana, hauwezi kuliondoa tatizo hilo. Kinachotakiwa ni salfeti ya zinki, kilo 8 hadi 10 kwa ekari. Magadi yenyewe yanashughulikiwa kwa jasi, ambayo inachimbwa hapa hapa mkoani, Makanya wilayani Same, pamoja na mitaro inayotoa maji nje. Bila mitaro, jasi haina njia ya kuiondoa sodiamu shambani. Na kama majani yana michirizi ya njano na mmea umefupika, huenda ni kimyanga. Hicho ni kirusi, na hakuna mbolea inayokiponya.

Kuna wanaoagiza mwani mkavu kutoka pwani ili wauchimbie shambani moja kwa moja. Kwenye ardhi ya magadi tunapinga jambo hili: mwani usiooshwa unakuja na chumvi ya bahari, nawe unaongeza kile unachokikimbia. Uoshwe vizuri kwa maji yasiyo na chumvi, kisha uozeshwe pamoja na mabua na samadi. Hata hivyo nauli ya Tanga hadi Moshi ni pesa ambayo ingenunua samadi nyingi ya jirani, na tungechagua samadi.

Dukani, soma kibandiko. Tafuta namba ya usajili wa TFRA (Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania), kiasi cha mwani halisi na tarehe ya mwisho. Kibandiko kikisema naitrojeni ni asilimia 15 au 20, hiyo imeongezewa mbolea ya viwandani, usiilipie bei ya mwani. Nzuri ina rangi ya kahawia nzito na harufu ya bahari. Ikinuka yai viza, imeharibika. Chupa iliyovimba tumbo imechachuka ndani, hiyo iache hapo hapo kaunta.