Seward kwa miguu: mabango ya miaka, njia ya Harding Icefield na ufuo wa Caines Head

Tulikaa Seward siku nne mwishoni mwa Julai: mimi, kaka yangu mkubwa ambaye goti lake la kushoto limewahi kupasuliwa, na binti yake wa miaka 14. Seward ni mji mdogo wa bandari kusini mwa Alaska, Marekani, kama kilomita 200 kwa barabara kutoka Anchorage. Mbele yake kuna hori la Resurrection, mgongoni milima inaanza papo hapo, na juu ya milima ni barafu. Wageni wengi hufuata boti tu. Wale tuliolala nao nyumba moja walikuwa wanafunga mizigo bila kupanda hata hatua moja, na niliwasikitikia kwa dhati, kwa hiyo naandika haya kwa ajili ya anayefuata.

Anzeni na Exit Glacier, mto wa barafu unaoshuka kutoka milimani. Ndiyo sehemu pekee ya Hifadhi ya Taifa ya Kenai Fjords inayofikika kwa gari. Hakuna kiingilio. Barabara yake ina urefu wa kilomita 13 na kidogo, na majira ya baridi theluji huifunga. Sisi tulifika saa mbili asubuhi tukapata maegesho bila shida. Jioni tunatoka, magari yalikuwa yamebanana hadi pembeni mwa barabara.

Kabla hujafika kituo cha wageni utaona kibango kidogo kimeandikwa 1815. Usipite tu. Pale ndipo ulipofika mdomo wa mto wa barafu enzi zake za ukubwa, na kutoka hapo hadi ulipo leo ni zaidi ya kilomita mbili. Mabango mengine yanaendelea kukupokea kadiri unavyosogea: 1917, 1926, 1951, 2005, 2010. Na hata wangeyang'oa, mimea ingekuambia. Mwanzoni miti ni mirefu, kivuli kizito. Ukisonga mbele inakuwa vichaka vinavyokufika kichwani, kisha kuvumwani na majani mafupi, na mwisho jiwe tupu lenye mikwaruzo iliyonyooka, alama za mawe ambayo barafu iliyakokota juu ya mwamba.

Kwenye bango la 1951 kaka alisimama. Baba yetu alikuwa na miaka miwili mwaka huo.

"Kwa hiyo babu angeletwa hapa akiwa mdogo, angeigusa barafu?" binti akauliza.

"Angeigusa."

Bango la 2010 ni la mwaka mmoja kabla huyu mtoto hajazaliwa. Alisimama kando yake akatafuta barafu kwa macho, akaikuta mbali, imekwishapanda juu ya mwamba kama ulimi unaorudishwa mdomoni. Hakusema neno. Rais Barack Obama alipita njia hii hii Septemba 2015 kuzungumzia mabadiliko ya tabianchi, lakini nadhani hotuba yoyote ingepata taabu kushindana na vibao hivi vyenye tarakimu nne tu. Sijawahi kuona mahali palipoeleza jambo kubwa kwa maneno machache hivi. Njia ya chini ni fupi na mwanzo wake umesawazishwa vizuri. Kaka aliimaliza na mkongojo mmoja, taratibu, bila kulalamika.

Pale chini ndipo inapochepuka njia ya kupanda hadi Harding Icefield, uwanda wa barafu ulio juu ya milima, na hapo tuliagana naye.

Niwe mkweli kuhusu ugumu wake. Kwenda na kurudi ni kilomita 13 hivi, na unapanda karibu mita 1,000. Hakuna sehemu ndefu ya kupumzisha miguu. Watu wa hifadhi wanasema saa sita hadi nane. Sisi tulitumia saa saba na dakika arobaini, tukiwa na vituo vingi vya kunywa maji. Kipande cha kwanza ni msitu na vichaka vilivyofungamana, ngazi za mawe na mizizi, na humo ndimo wanamopenda kukaa dubu weusi. Askari wa hifadhi alitushauri tutoe sauti muda wote ili tusimshtue mnyama kwenye kona. Tuliimba kila wimbo tuliokumbuka, na nilipoishiwa, mtoto akaanza kuhesabu hatua kwa sauti. Tulimwona mmoja, mbali kwenye mteremko, anakula matunda pori. Tukasimama na kundi la watu wengine sita, tukasubiri dakika ishirini hadi akahama mwenyewe. Beba kopo la pilipili ya kupulizia, na libebe kiunoni. Likiwa chini ya begi halitakusaidia.

Mahali paitwapo Marmot Meadows msitu unafunguka, maua ya zambarau yamejaa, na kwa mara ya kwanza unautazama mto wa barafu kutoka juu yake. Mwenye pumzi kidogo anaweza kugeuka hapo na safari yake ikawa imekamilika. Nyufa zake ni za buluu, na binti alitaka kujua rangi hiyo inatoka wapi. Barafu ya namna hii imegandamizwa kwa miaka mingi na uzito wa theluji iliyo juu yake hadi viputo vingi vya hewa vikaisha. Mwanga ukiingia ndani, wekundu unamezwa na buluu inabaki. Siku ya mawingu rangi inakolea zaidi kuliko siku ya jua. Kwa hiyo mkikuta mawingu yasiyo na mvua, msivunjike moyo.

Juu zaidi ni mawe matupu na theluji, hata mwisho wa Julai. Hapo ndipo viatu vyangu viliponiangusha. Nilivikodi kwenye duka moja mjini, soli ya kulia ikaanza kuachia nikiwa sijafika hata nusu ya theluji, ikabidi niifunge kwa kamba. Nilipovirudisha waliniambia vilitoka vizima. Kagua kila kiatu, kikunje, kivute, kabla hujalipa.

Upepo nao unabadilika ghafla. Hewa iliyokaa juu ya barafu hupoa, huwa nzito, kisha huporomoka kufuata mteremko kama maji. Tulikuwa tumepanda kwa jasho na fulana. Ndani ya dakika kumi tulikuwa tumevaa kila kitu tulichobeba, glavu na kofia pia. Kuna kibanda kidogo cha dharura karibu na kilele, cha kujikinga hali ya hewa ikichafuka. Huko njiani hakuna choo, na maji ya vijito usiyanywe bila kuyachuja.

Kisha njia inaisha, na mbele yako hakuna kitu ila weupe. Uwanda wa Harding una ukubwa wa kilomita za mraba 1,800 hivi, na karibu mito ya barafu 40 inatiririka kutoka humo. Umepewa jina la Rais Warren Harding, aliyefika Seward mwaka 1923. Jina la Exit lenyewe maana yake ni kutokea: wale wanaotajwa kuwa wa kwanza kuuvuka uwanda huu, mwaka 1968, walitokea upande huo. Vilele vya mawe vinachomoza katikati ya barafu kimoja kimoja, vimetengana, na Wainuiti wana neno lake: nunatak. Tulikaa pale nusu saa. Mtoto ambaye asubuhi alikuwa anadai simu alilala chali juu ya jiwe akatazama tu. Akaniambia, "Shangazi, mimi nilidhani ile ya chini ndiyo barafu yenyewe." Ile ya chini ni tone.

Kuteremka kunaumiza magoti kuliko kupanda, chukueni fimbo mbili kila mmoja. Haraka hakuna, maana Julai saa nne usiku bado mwanga upo.

Boti nazo nitazitaja. Tulichukua ya mzunguko wa saa sita kwenda kuona barafu inayofika baharini. Kipande kikubwa kilimeguka mbele yetu, kikaanguka kimya, na kishindo kikatufikia baadaye. Ni kizuri sana. Ila bahari ya wazi nje ya hori ina mawimbi, nusu ya abiria walitapika, na bei yake kwa watu watatu ilizidi gharama zetu zote nyingine za siku hiyo. Mlima Marathon, ule ulio juu ya mji, sikuupanda. Kila tarehe 4 Julai watu hushindana kuukimbilia na kurudi, mbio zilizoanza mwaka 1915, na kwa kuutazama tu mteremko wake niliona ni mahali pa waliozoea.

Siku ya mwisho ilikuwa ya kaka. Kuna njia ya kwenda Caines Head inayoanzia Lowell Point: unapita msituni hadi Tonsina Point, halafu karibu kilomita tano unatembea ufuoni, na ufuo huo unapitika maji yakipwa tu. Mbele kabisa kuna Fort McGilvray, ngome iliyoachwa tangu vita vya pili vya dunia. Wageni wengi tuliowakuta pale walikuwa wanaishika ratiba ya maji kichwa chini miguu juu. Sisi tumelelewa na kupwa na kujaa, na sikutarajia kwamba elimu hiyo ingetufaa mbali namna hii. Maji ya hori hili hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Shauri la kule ni kuondoka angalau saa mbili kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, na ni shauri zuri, kwa sababu upande mmoja una genge na upande wa pili una bahari, na katikati huna pa kukimbilia.

Tulichelewa kidogo msituni kwa ajili ya goti. Tukatembea ufuoni pengine nusu saa, juu ya mawe meusi yanayoteleza na mwani, fisi maji mmoja akielea chali karibu nasi. Kaka akasimama, akatazama mstari wa povu kwenye jiwe moja, akatazama tena.

"Yameshageuka," akasema. "Turudi."

Ngome hatukuiona. Jioni ile aliomba ratiba ya maji ya mwaka mzima pale bandarini, akakaa nayo mezani na kalamu, akitafuta siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa, za Juni ijayo ambazo maji yanakupwa asubuhi. Amezungushia duara tatu.