Uzoefu wangu wa kutafuta nyumba ya kupanga yenye sakafu ya mbao ngumu

Huduma ninayoieleza hapa ni programu ya simu ya kutafutia nyumba za kupanga, ambayo humwezesha mtafutaji kuchagua mtaa, idadi ya vyumba na sifa anazozitaka, kisha ikampa orodha ya nyumba pamoja na picha zake. Sifa niliyoitanguliza mimi ilikuwa sakafu ya mbao ngumu. Mtoto wangu ana pumu, na zulia lililogundishwa sakafuni huhifadhi vumbi pamoja na vijidudu vya vumbi ambavyo huweza kuchochea ugonjwa huo. Vigae navyo husafishika vizuri, lakini huwa baridi mguuni kwa kuwa hupitisha joto upesi kuliko mbao. Nilihitaji pia kubaki ndani ya mji, karibu na shule na usafiri, kwa hiyo nyumba za kuchagulia zilikuwa chache tangu mwanzo.

Kwa habari ya mtaa, programu hii ilinifaa sana: ramani yake ni sahihi, na nyumba ikishapata mpangaji huondolewa bila kuchelewa. Kasoro yake kubwa iko kwenye kichujio cha sakafu, kwa sababu kinaweka kundi moja vitu vitatu vinavyotofautiana kabisa. Kipo kwanza kipande kizima cha mti, ambacho kwa kawaida huwa na unene wa milimita 19 hivi na huweza kupigwa msasa na kupakwa vanishi upya mara kadhaa katika maisha yake. Kisha kuna ubao wa tabaka, yaani ngozi ya mbao ngumu iliyobandikwa juu ya plaiwudi. Ngozi hiyo ikiwa nyembamba sana, haistahimili msasa hata mara moja. Mwisho kuna lamineti, iliyobuniwa Uswidi mwaka 1977 na kampuni ya Perstorp, ambayo juu yake ni picha tu ya mbao iliyofunikwa kwa tabaka gumu la kinga, na ndani ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Lamineti ina sifa zake, nami siidharau, ila maji yakiingia kwenye maungio yake huumuka na hairudi kuwa kama zamani. Mtu anayelipa kodi ya juu kwa sababu ya sakafu ana haki ya kuambiwa ni ipi kati ya hizo tatu.

Kwa kuwa tangazo halikusema, ilinibidi niitambue kila sakafu mwenyewe nilipokwenda kuiona nyumba. Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kutazama mistari na vifundo: katika mbao halisi hakuna vipande viwili vinavyofanana, ilhali katika lamineti kifundo kilekile hujirudia baada ya vipande vichache. Penye kizingiti cha mlango, au mahali ubao ulipokatwa, ukingo huonyesha kama mistari inateremka mpaka chini au inaishia juu. Nyumba moja iliyotangazwa kuwa na mbao ngumu ilikuwa na mbao halisi kabisa, lakini za msonobari, na miguu ya kitanda ilikuwa imeacha mashimo kila mahali. Katika kipimo cha Janka, ambacho hupima nguvu inayohitajika kuzamisha nusu ya gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 ndani ya mbao, mwaloni mwekundu huhitaji takriban newtoni 5,700, na msonobari mweupe wa mashariki mwa Marekani hauhitaji hata 2,000. Kwa familia yenye watoto na samani nzito, tofauti hiyo ni kubwa.

Hali ya sakafu nayo ina mengi ya kusema kuhusu nyumba yenyewe. Mbao ambazo kingo zake zimeinuka na katikati zimebonyea huashiria unyevu unaotoka chini, na hapo nilimuuliza mwenye nyumba kuhusu mabomba kabla ya kuuliza kitu kingine. Mianya inayojitokeza majira ya ukavu na kujifunga majira ya unyevu si ugonjwa, kwani mbao hutanuka na kusinyaa. Hutulia zaidi unyevu wa hewa ukikaa kati ya asilimia 30 na 50 hivi. Vitundu vidogo vya mviringo vyenye unga laini pembeni ni jambo jingine: hao ni fukusi, na unga ukiwa mpya maana yake huenda bado wanakula.

Sehemu ya programu ninayoisifu kwa moyo wote ni ile ya kumwandikia mwenye nyumba moja kwa moja, maandishi yakabaki yamehifadhiwa. Kwa njia hiyo nilipata majibu ya wazi juu ya aina ya mbao, mwaka zilipopakwa vanishi mara ya mwisho, na kama mkataba unanilazimisha kutandika mazulia ili majirani wa chini wasisumbuliwe na vishindo. Hilo la mwisho ni muhimu kuulizwa mapema, kwa sababu sharti la kufunika sehemu kubwa ya sakafu lingeondoa faida niliyoifuata kwa ajili ya mtoto. Nyumba niliyoichukua ina mwaloni wa kipande kizima, una mikwaruzo ya zamani karibu na madirisha, nami niliipiga picha yote na kuiambatanisha na ripoti ya makabidhiano kabla ya kulipa amana.

Ninaipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia mpaka watengenezaji wagawe kile kichujio kiwe na machaguo matatu, na wamtake kila anayetangaza nyumba aweke picha ya karibu ya sakafu iliyopigwa penye kizingiti.