Nimerudia kutazama Ubongo Kids baada ya kukua: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka: nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu nimeibana kwa makusudi, sababu iko huko chini.

Ubongo Kids, kipindi cha katuni cha watoto, kilianza kurushwa TBC1 Januari 2014, asubuhi za wikiendi. Mimi nilikuwa darasa la kwanza, Tanga, mitaa ya Ngamiani. Enzi hizo kuwa na TV peke yake hakukusaidia kitu. Mitambo ya analojia ilishazimwa, Dar mwishoni mwa 2012 na kwetu Tanga mwaka uliofuata, kwa hiyo asiye na king'amuzi TV yake ilibaki pambo la sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kwetu king'amuzi kilinunuliwa kwa ajili ya baba, mpira na taarifa ya habari. Sisi watoto tuliingia kwa mlango wa nyuma. Jumamosi ndala zinarundikana barazani, ndani mkeka umejaa mpaka mlangoni, na mama anapita na sinia la maandazi huku akihesabu vichwa kwa macho asijue atuongezee au atutimue.

Kikwazo kilikuwa chuo. Watoto wengi wa mtaani tulisoma madrasa wikiendi, na ustadhi hakuwa mtu wa kuelezwa habari za katuni. Wenye zamu ya asubuhi walikosa, halafu adhuhuri wanarudi wanataka kusimuliwa. Sasa kisa cha Ngedere, mmoja wa wahusika, kikisimuliwa na mtoto wa miaka saba kinakuwa kirefu kuliko kipindi chenyewe, na kila msimuliaji anaongeza chake.

Kwa ambao hawakukiona: ni katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, ya kufundisha hisabati. Najua mtu akisikia hivyo anaona ubao na chaki. Haikuwa hivyo. Kuna Kiduchu, Koba, Baraka, Amani na Kibena, kuna Mama Ndege, kuna huyo Ngedere mwenye vituko vyake. Wanaingia kwenye tatizo, wanabishana, wanakosea, na hesabu ndiyo inayowatoa. Kisha unakuja wimbo, na wimbo ndio unaobaki. Shuleni tulikariri tebo kwa kuogopa fimbo: unasimama, unaulizwa saba mara nane, ukibabaika unanyoosha mkono. Kwenye Ubongo mtoto anakosea mbele ya wenzake na hakuna anayemchapa. Wanacheka kidogo, wanarudia. Kwa mtoto wa darasa la kwanza hilo lilikuwa jambo geni kabisa, na nadhani ndilo lililotushika kuliko hata michoro.

Halafu kulikuwa na maswali ya SMS. Hapa lazima nikae kidogo, maana ndiyo raha niliyoikumbuka zaidi. Kipindi kinauliza swali, kinatoa majibu ya kuchagua, na wewe unajibu kwa simu ya kawaida, haihitaji intaneti wala simu janja. Ukituma, unarudishiwa ujumbe wa kukutia moyo au kukuambia ujaribu tena. Mama alikuwa na kiswaswadu, vitufe vyake vimefutika herufi kwa kubonyezwa. Ukitaka A unabonyeza kitufe cha mbili mara moja, B mara mbili, C mara tatu, na ukichelewa kidogo inakuandikia kingine. Watoto kumi mkekani, simu moja, kila mmoja ana jibu lake. Dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kushika simu, lakini ilibidi kwanza umshawishi kwa sababu. Huwezi kusema tu "ni B". Atakuuliza, "B kwa nini?" Ndipo unapoona watoto wanahesabu vidole, wanachora sakafuni kwa kidole chenye mafuta ya andazi, wanagawanya andazi lenyewe vipande vinne ili kumthibitishia mwenzao kwamba robo mbili ni sawa na nusu. Andazi la ushahidi lililiwa na aliyeshinda hoja.

Jioni tunasikia sauti kutoka jikoni: "Nani kamaliza vocha yangu?" Hakuna aliyejibu hilo swali.

Hivi karibuni nimekuwa nikimtazamisha mtoto wa huyo huyo dada yangu, ana miaka minne. Vipindi vingi viko YouTube bure, nikaona nianze na vile vya zamani. Kipindi kizima kikaishia kwangu, yeye akaondoka zake kucheza. Hapo ndipo unaelewa kwamba Ubongo Kids ni ya watoto walioanza shule, tuseme kuanzia miaka sita au saba hivi. Kwa umri wake kuna Akili and Me, ya watu hao hao wa Ubongo, iliyofuata miaka michache baadaye. Akili ni binti wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala anaingia katika dunia ya ndotoni ambako anajifunza herufi, namba, maumbo na kuchora pamoja na marafiki zake wanyama. Kasi yake ni ya taratibu, kitu kinarudiwa mpaka mtu mzima unaanza kupiga miayo, na mtoto ndiyo kwanza anachangamka. Kuna utafiti uliofanyika kwa watoto wa Morogoro na kuchapishwa 2018, ukaona waliotazama Akili and Me walipiga hatua zaidi katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, na kuchora. Sikuushangaa. Huyu wa kwetu anachora duara ukutani, ushahidi upo na rangi mpya itahitajika.

Sasa ile nusu nyota. Ukivitazama leo vipindi vya mwanzo, michoro yake ni mikavu. Wahusika wanatembea kama wamebanwa mgongo, na mandhari yanajirudia. Utotoni sikuliona hilo hata kidogo. Pia baadaye kipindi kilipanuka kikaingiza sayansi, teknolojia na stadi za maisha. Ni mambo mazuri, wala sipingi, na wazazi wengi watafurahi kuliko mimi. Ila mimi ni mtu wa ule ubishi wa hesabu, na kadiri mafunzo ya tabia yalivyoongezeka niliona ubishi unapungua. Huenda ni uzee unaniingia mapema.

Jambo jingine linalonipa raha ni kuona kilikofika. Kilianza kwa Kiswahili hapa kwetu, kikapata sauti za Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda, na Kenya nako kimetazamwa sana. Rafiki yangu mmoja wa Nairobi anaimba nyimbo zile zile, tofauti yake anadai wao ndio waliozijua vizuri. Tumeshindwa kuelewana mpaka leo.

Ushauri wa kiutendaji kwa mzazi: usimpe mtoto simu yenye bando ukaondoka, YouTube ikimaliza kipindi kimoja inaweza kumpeleka kusikojulikana. Mimi navipakua usiku kwenye Wi-Fi ya ofisini kwa rafiki, naweka kwenye flashi, tunachomeka kwenye TV. Kama mtoto bado hajaanza shule, anza na Akili and Me. Kama yuko darasa la kwanza au la pili, mpe misimu ya mwanzo ya Ubongo Kids, ukae naye, na likija swali simamisha picha kabla ya jibu. Mwulize "kwa nini?" hata kama amepatia.