Hatua 12 za Vogler: zipimie rasimu, usizianzie

Katikati ya miaka ya 1980, Christopher Vogler, aliyekuwa akisoma na kutathmini miswada ya filamu pale Disney, aliandika waraka wa kurasa saba kuhusu safari ya shujaa. Mwaka 1992 waraka huo ukazaa kitabu, The Writer's Journey. Vogler alichukua hatua 17 ambazo Joseph Campbell, mtafiti wa visasili, alizichapisha mwaka 1949 akitafuta kinacholandana katika visasili vya dunia, akazipunguza zikawa 12, na akaacha sehemu kubwa ya ndoto na nadharia za wanasaikolojia Freud na Jung zinazomchosha msomaji wa Campbell. Kwa mwandishi mwenye kazi mkononi, kitabu cha Vogler ndicho cha kuanza nacho.

Mpangilio wenyewe ni huu. Shujaa yuko kwao, mwito unamjia, anaukataa, anakutana na mshauri, anavuka kizingiti. Ng'ambo anapata marafiki, maadui na mitihani, analikaribia pango, anakabili jaribu kuu, anatwaa tuzo. Kisha anashika njia ya kurudi, anaponea chupuchupu kifo cha mwisho, na anafika nyumbani na dawa, yaani kitu cha kuwafaa watu wake. Katika muswada wa kurasa 120, ambapo ukurasa mmoja ni takriban dakika moja ya filamu, kizingiti huangukia karibu na ukurasa wa 30 na jaribu kuu karibu na wa 60.

Kitabu kina nguvu zaidi kwenye hatua ya tatu na ya nne, na hapo ndipo rasimu nyingi huharibika. Mwandishi anaambiwa shujaa akatae, basi anamwandikia neno "siwezi", na ukurasa unaofuata jamaa yuko njiani. Kazi ya kukataa ni kumwonyesha msomaji gharama ya safari: nani ataachwa, nini kitapotea. Futa onyesho hilo, kisha soma tena. Kama hofu ya msomaji imebaki ileile, onyesho halikuwa na kazi. Kwa mshauri, kosa huwa kinyume: anapewa uwezo kupita kiasi na anabaki karibu, hadi msomaji anajiuliza kwa nini asiende mwenyewe. Mshauri atoe kifaa au neno, kisha aondoke. (Ndiyo maana wazee wa hadithi hizi hawaishi sana.)

Sura za aina za wahusika, kama mlinzi wa kizingiti, kigeugeu na kivuli (yaani adui), zinasomeka haraka, na faida yake kubwa ni kukumbusha kwamba mhusika mmoja anaweza kubadilisha barakoa kutoka onyesho hadi onyesho.

Matumizi bora huanza rasimu ya kwanza ikishakwisha. Kila onyesho liandikwe kwenye kadi yake, mstari mmoja tu: nani anataka nini, na anapata au anakosa. Pembeni weka namba ya hatua. Kadi isiyo na namba si lazima itupwe. Cha kuogopa ni kadi sita au saba mfululizo zenye namba 6, yaani marafiki, maadui na mitihani: shujaa anamshinda adui mmoja, kisha mwingine, na hali yake haibadiliki. Katikati hulegea kwa sababu hiyo, na kuongeza mapigano hakutasaidia. Kila mtihani umnyang'anye kitu ambacho alikitegemea katika mtihani uliotangulia.

Udhaifu wa kitabu uko mwishoni mwa safari. Odisea, utenzi wa kale wa Kigiriki, ina vitabu 24, na shujaa wake Odysseus anatua kwao Ithaca katika cha 13. Nusu nzima ya utenzi ni mambo ya nyumbani, ambayo kwa hesabu ya Vogler yangebanwa kwenye robo ya mwisho. Gilgamesh, shujaa wa utenzi wa kale wa Mesopotamia, naye anaupata mmea wa kurudisha ujana, nyoka anauiba akiwa anaoga, na anarudi mjini kwake Uruk mikono mitupu. Vogler atajibu kwamba dawa yaweza kuwa maarifa. Sawa, lakini kipimo kikikubali kila kitu, hakipimi kitu.

Mpime Vogler kwa Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za Waswahili. Gerezani kila kitu kinakaa sawa: mkate wa wishwa wenye tupa ndani, mjakazi Saada anayeuleta, ngoma na nyimbo zinazofunika mlio wa chuma kinapokatwa. Baadaye mwanawe mwenyewe anamchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kutia mshale. Anafia hapo, naye hadondoki. Hatua ya 11 na ya 12, kuponea kifo na kurudi na dawa, hazina pa kukaa, na mwandishi anayezilazimisha itabidi amfufue. Utenzi unamwacha palepale, amepiga goti, na mji mzima unashindwa kuteka maji kwa kuiogopa maiti.